Kitalu Alichokifyeka Profesa wa Moto

Matonya wa Kongwa alijiita profesa wa moto, na darasa la nne hakulimaliza. Kazi yake ilikuwa kulinda vitalu vitatu vya utafiti nje ya mji. Cha kwanza kilichomwa kila mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu. Cha pili mwezi wa kumi, zikiwa zimekauka kau. Cha tatu hakikuguswa na moto tangu mwaka sabini na sita. Kila mwaka alikata nyasi kidogo za kila kitalu, akazipima kwenye mizani, akaandika. Basi. Lakini ukimkuta kilabuni ungedhani jehanamu ni yake na ufunguo anao mfukoni.

Mwaka tisini na nne barua ikaja. Serikali ilikuwa inapunguza watu kazini, na wageni wangekuja kuamua kama vitalu viendelee au eneo apewe mwekezaji wa ng'ombe. Matonya akakitazama kitalu cha tatu: majani makavu yamelaliana, miti imeanguka, miiba imefungana. Ugogoni mwenye shamba kama lile huchekwa hata msibani. Mkewe, Anyesi, alimwonya asiguse kitu anacholipwa ili asikiguse. Profesa akanoa fyekeo.

Alifyeka siku mbili, akafagia, pakawa kama uwanja wa kanisa siku ya kipaimara. Siku ya tatu mgongo ukagoma, nusu ya kitalu ikabaki. Utafiti ukaponea kwenye uzee wa mtu.

Wageni walikuwa wawili: Daktari Dorothea, aliyevianzisha vitalu hivyo akiwa mwanafunzi, na Bwana Ernest, kijana wa wizarani. Dorothea akamwamkia mzee shikamoo, halafu akasimama mbele ya ule usafi.

"Mzee Matonya, nani kaingia humu?"

Uongo aliuandaa tangu asubuhi, wa kuwasingizia wafugaji, tena mtamu. Ila kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuandika kipimo cha uongo, na mdomo ukamsaliti.

"Ni mimi, Daktari. Niliona aibu ya uchafu."

Ernest akacheka, akasema basi kazi imejifunga yenyewe. Kwani takataka za miaka yote hiyo zilikuwa na faida gani?

"Mwanangu," Matonya akasema, "mwaka wa tano kitalu hiki kilikuwa na nyasi nzuri kuliko vyote. Nikatangaza kilabuni kwamba moto ni adui, tusichome kamwe. Mwaka wa kumi na mbili miiba ikazinyonga nyasi zote. Mwaka uliofuata moto wa warina asali ukaja. Ulipofika kitalu cha kwanza ukakosa chakula, ukafa. Huku tulipigana nao mpakani watu thelathini kwa matawi usiingie, na nyusi zangu zikabaki motoni. Tungefunga utafiti mwaka wa tano, tungeondoka na uongo wangu."

Ernest akaacha kucheka, akaandika kurasa mbili. Baada ya miezi miwili jibu likaja: vitalu viendelee, mlinzi abaki.

Dorothea akarudi na vigingi. Nusu iliyofyekwa akaifanya kitalu cha nne, akampa Matonya daftari jipya aandike tarehe, ukubwa, na sababu ya kufyeka. Kwenye sababu alikaa muda mrefu akitafuna kalamu, kisha akaandika: majivuno ya mlinzi.

Daktari akasoma, akamwambia atie sahihi.