Msichana Niliyemtupa Kaburini

Niliporudi Msambweni baada ya miaka mingi ya kutangatanga, niliwasomea wanafunzi hadithi niliyoitunga, ya msichana aliyefiwa na mamake. Nilipofika pale anapojitupa kaburini wakati wa maziko, sauti yangu ilitetemeka, nikajiona fundi. Msichana mmoja, Mwanasha, akacheka.

"Unacheka msiba?" nikamkaripia. "Wewe hujafiwa."

Akasimama kwa adabu. "Nimefiwa na mama mwezi uliopita, bwana. Lakini sisi wanawake wa huku hatuendi makaburini. Jeneza lilipotoka mlangoni, mimi niliambiwa nikaoshe masufuria."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwomba radhi.

"Haidhuru. Endelea kusoma," akasema. "Nangojea huyo msichana wako arudi nyumbani, nisikie anafanyaje."

Nikafunua ukurasa. Hadithi yangu ilikuwa imeishia kaburini.