Kilichoachwa Mezani

Mama mkwe wangu alifundisha ukutubi chuoni miaka mingi. Wanafunzi walimpa jina la Mama Usiguse, kwa sababu kosa lililompandisha mori kuliko yote lilikuwa la watu wema: msomaji anamaliza kitabu, halafu anakirudisha rafuni mwenyewe.

"Kiacheni mezani!" alikuwa akifoka. "Mkikiweka rafu isiyo yake, kimepotea kuliko kilichoibwa. Na mkipatia mahali pake, mimi nitajuaje kama kuna mtu alikisoma?"

Kila jioni alizunguka ukumbi wa maktaba na wanafunzi wake, wakihesabu vitabu vilivyoachwa mezani. Hapo ndipo walipojua vipi vinasomwa na vipi vinakula vumbi tu.

Baba mkwe tulimzika Jumamosi. Kesho yake, mimi na kiherehere changu, nikaanza kupanga sebule kabla wageni hawajaingia. Nikaokota miwani ya marehemu juu ya gazeti lililofunuliwa nusu, nikavuta droo niiweke humo.

Nilisubiri kufokewa. Badala yake mama akanishika mkono.

"Iache mezani, mwanangu," alisema taratibu. "Kuna mtu alikuwa anasoma."