Dada wa Kwenye Simu Asiyeitikia Salamu

Juzi kazini, tukipanga menyu ya simu ya huduma kwa wateja, mwenzangu alisema sekunde tano zinamtosha mtu kuchagua namba. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwa bibi, Newala, moshi wa maganda ya korosho ukituwasha macho.

Laini ya bibi ilikuwa imefungiwa, na mama amelazwa hospitali ya Mkomaindo kujifungua. Bibi akapiga huduma kwa wateja, namba pekee iliyokubali, wamfungulie laini apate habari za mama.

"Karibu. Kuongea na mhudumu, bonyeza moja," sauti ya dada mmoja ikasema.

"Ahsante, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?" Bibi akasubiri jibu.

"Samahani, hujachagua," sauti ikasema, simu ikakatika.

Akapiga tena, akaanza tena na salamu, maana kwake humwelezi mtu shida kabla hujamjulia hali. Mara ya nne nilichukua simu mimi, nikasema shikamoo kwa adabu zangu zote. Sikuitikiwa. Nilidhani tumemkosea yule dada, nikalia.

Leo najua ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Lakini zile sekunde aliziweka mtu.

"Weka ishirini," nilimwambia mwenzangu. Akacheka, akauliza nani anazihitaji zote hizo.

Mdogo wangu alikuwa na siku tatu duniani ndipo bibi akapata habari kwamba amezaliwa.