Watu Watano, Bidoni Kumi na Nne

Mwaka ule wa vita nilikuwa nafundisha takwimu na kuandika programu katika chuo kimoja hapa Uvira. Nilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, kompyuta tatu na umeme unaokuja unapotaka. Milio ya risasi ikisikika upande wa bonde la Ruzizi, wazazi wanatuma watu kuwachukua watoto wao, na somo linakatikia katikati ya mstari. Ilinikera sana. Nina hasira za karibu, kila aliyesoma kwangu anajua.

Binti mmoja wa wavuvi wa Makobola alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho, kuhusu kuhara na maji ya nyumbani. Alipita nyumba sitini za mtaa wetu na karatasi za maswali: mko wangapi, mnachota bidoni ngapi, yaani madumu ya maji, kwa siku, nani ameugua. Mwaka huo ukimpita, hakuna karo ya mwingine. Walipokimbia vita, nyavu za baba yake zilibaki Makobola pamoja na nyumba.

Alipoleta data, niliandika mistari michache mbele ya darasa: programu igawe maji kwa watu, kisha ioneshe nyumba zinazopita kiasi. Zikatoka ishirini na tatu. Nilicheka kwanza, halafu nikawaka. Nyumba namba arobaini na moja, watu watano, bidoni kumi na nne! Nikauliza hao ni watu au mashamba ya mpunga. Darasa likacheka. Nikamwambia amekaa kivulini akajaza karatasi mwenyewe, na kazi ya kubuni siipeleki mbele ya watahini, basi.

Aliinamisha kichwa, akaomba tuongee ofisini.

Huko alisimama karibu na mlango, akanieleza taratibu kwamba nyumba zile zote zina watu waliokimbia kutoka Sange na Kamanyola. Wenye nyumba hawawataji. Ukimhesabu mgeni naye anasikia, umemwambia amekuwa mzigo. Nikamjibu kwamba hayo ni maneno matamu, ila mtu mzima akiulizwa husema ukweli.

"Prof," akasema, "ile ya arobaini na moja ni kwako. Nilikuuliza weye mwenyewe, ukaniambia muko batano."

Nikakumbuka. Alikuja Jumamosi. Dada wa mke wangu alikuwa ameketi uani akimenya mihogo, na watoto wake watano kando yake. Walifika kutoka Sange kwa miguu, bila baba yao. Swali lilipokuja nilisema watano bila hata kufikiri, tukaendelea na la maji. Mungu wangu, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Binti yule angeweza kunijibu palepale mbele ya wenzake, lakini alinisitiri, na mimi nilikuwa tayari kumharibia maisha.

Nilirudi naye darasani. Nikafungua ile faili, nikawaambia wote kwamba nyumba namba arobaini na moja ni yangu, na aliyedanganya ni mimi. Hakuna aliyecheka. Nikafuta tano, nikaandika kumi na moja. Kisha nikawaomba, tafadhali, hesabu hiyo isifike nyumbani kwangu.