Banda Linaloita Watu

Elisifa wa Pasua ukimwambia jambo haliwezekani, anakuangalia kana kwamba umekohoa tu, kisha anaendelea na kazi yake. Ndivyo alivyo tangu utoto, na waliosoma naye Masama, kule mlimani, watakuambia hivyo hivyo, wengine kwa kucheka, wengine kwa kusonya.

Kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Ana chumba karibu na soko, kompyuta inayonguruma, na wateja wanaotaka ghorofa kwenye kiwanja kinachotosha banda la kuku. Huko ndiko anakopata ugali wake. Lakini moyo wake ulikuwa nje ya dirisha, kwa wanawake wanaoshusha ndizi kutoka mlimani na kuziuza chini, juu ya magunia. Mama yake alikuwa mmoja wao. Jua lilimchoma, matope ya masika yakamkaa miguuni, na leo magoti yake yamegoma kabisa. Yuko Masama, hata kushuka mjini ni shughuli.

Basi aliposikia redioni kwamba ipo tuzo ya kazi zinazounganisha majengo, teknolojia ya sauti na picha, na mpangilio wa mji, Elisifa hakukaa kuwaza. Alijenga. Banda la mabati juu ya nguzo za mlingoti, yaani mkaratusi, mabenchi mapana, mfereji wa kupitisha maji ya mvua, na nyuma yake ukuta wa tofali wenye spika na vitufe viwili. Mama wa Masama anasema kwenye simu yake, "Mimi mama fulani, kesho nashusha ndizi, mishare na kisukari." Aliyeko Pasua anabonyeza kitufe cha kwanza, anasikia. Akitaka kujibu, anabonyeza cha pili, anasema, na sauti inapanda mlimani mpaka kwenye simu za huko. Wanawake waliacha kugombania mizigo barabarani. Wakakaa chini kwa mara ya kwanza, jamani, kama watu.

Tatizo lilikuwa kiwanja. Kilikuwa cha Gidioni, mtoto wa mzee Tito wa kule kule Masama. Huyu Gidioni ana gesti, ana maduka, na tangu mambo yamnyookee hajapanda kwao hata Krismasi, wakati ambao Mchaga hata aliyeko mwisho wa dunia hutafuta nauli.

"Jenga," alimwambia Elisifa. "Ukichukua tuzo, banda litakaa, na mimi nitasemwa kwa uzuri. Usipochukua, nalibomoa, naweka sehemu ya kuoshea magari. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, kaka Gidi."

Hakuwa anatania, na Elisifa alijua.

Sasa sikia mambo ya mvua. Wiki ile ile majaji waliyokuwa waje, ilinyesha mlimani na mjini kwa pamoja. Maji yalishuka na matope, yakaziba mfereji, yakafunika mabenchi, na upepo ukang'oa mabati ya upande mmoja. Na sheria ya tuzo ilisema wazi: kazi iwe imekamilika na inatumika.

Elisifa akashika simu, akaandika kwenye grupu la wauza ndizi: "Wapendwa, kesho asubuhi msaragambo bandani. Njooni na majembe." Msaragambo, kwa asiyejua, ndiyo ile kazi ya pamoja ya kwao mlimani, ya barabara au mifongo, ile mifereji ya maji ya mashambani, ambayo mtu haikwepi. Majibu yakamiminika. Dole gumba. Mikono ya maombi. Mmoja akatuma ua na "Amina". Asubuhi alifika Elisifa, jembe lake, na mbwa wa bucha. Basi.

"Hata aibu hawana!" alifoka peke yake, akichimba.

Jua lilipopanda akaja Bernadetha, muuza ndizi mwenye mdomo kuliko wote sokoni, akajishika kiuno. "Dada, unamkasirikia nani? Kosa ni lako. Msaragambo unaandikwa kwenye simu? Simu ikinisumbua nasema haikuwa na chaji. Kwenu wanafanyaje?"

Elisifa akasimamisha jembe. Kwao anasimama mtu ukingoni mwa bonde, anaita. Wa ng'ambo anaitika kwa jina lake na kwa niaba ya nyumba yake, na akishaitika, hakuna mtu wa nyumba hiyo anayebaki kitandani, awe mgeni wa jana au mtoto aliyehamia mbali. Asipotokea, aliyeitika anaonekana mwongo mbele ya bonde zima. Mtoto wa Masama mzima, na alikuwa amesahau! Aliona aibu mpaka masikioni.

Mchana huo huo alipanda Masama kwa mzee Eliakim, ambaye ndiye huwaita watu mfongo unapoziba.

"Shikamoo, meku," alimwamkia kwa jina wanaloitwa wazee wa kwao.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anaendeleaje na magoti?"

"Anajikongoja, meku." Akamweleza shida yake, akamsogezea kinasa sauti mdomoni. Mzee akarudi nyuma kama amepewa shubiri.

"Niite hicho kidude? Mimi sijawahi kuita kidude. Mimi naita bonde."

Wakatembea kati ya mibuni na migomba mpaka ukingoni. Mzee akavua kofia, akajaza kifua, akaita kwa Kichaga, na Elisifa akanasa. "Kuna kazi chini Pasua! Banda la mama zetu limejaa matope! Aliyesikia aitike!" Pakawa kimya, maji tu yakisikika huko chini. Halafu sauti ya kizee ikavuka kutoka ng'ambo, nyembamba lakini haina wasiwasi: "Mimi Tito nimesikia! Nyumba yangu yote imesikia, mpaka walio mbali!"

Eliakim akacheka. "Huyo hata fimbo inamshinda, lakini hajawahi kukaa kimya akiitwa."

Jioni Elisifa akaifungulia sauti hiyo kwenye ukuta, spika juu kabisa. Soko likasimama. "Mwe! Si meku Eliakim huyo?" Kesho yake walikuja wa Masama, wakaja wa Kibosho na Rombo ambao hata bonde lile hawalijui, akaja hata fundi cherehani Mpare asiyeelewa hata neno moja la wito. Walichimba huku wakilalamika, na walilalamika vizuri sana.

Kwa bahati mbaya majaji hawakusubiri. Waliwakuta watu wakiwa na matope magotini na mabati nusu yako chini. Mkubwa wao, mama mmoja aitwaye Beatrice, alibonyeza, akasikiliza, akafumba macho. Akasifu, na alisifu kweli. Kisha akasema haijakamilika.

"Kesho itakuwa imekamilika," Elisifa akamwambia.

"Sheria inataka leo, dada yangu. Ningekuwa peke yangu ningefanya vingine."

Tuzo ikaenda kwa jengo la vioo la mji mwingine. Elisifa alilia, kwa nini niseme uongo? Alilia amekaa kwenye benchi, mbele za watu, kamasi na yote. Halafu akanawa uso, akapanda ngazi, akaanza kugonga misumari.

"Wewe nawe!" Bernadetha akashangaa. "Unapigilia nini na linabomolewa?"

"Likibomolewa, libomolewe likiwa zima."

Gidioni alikuja Jumatatu na vibarua wawili wenye nyundo. Wanawake wakasimama kando ya ndizi zao. Walitegemea Elisifa apige magoti. Hakupiga.

"Kaka Gidi, tulielewana, na mimi sigeuki," alisema. "Kuna kitu kimoja tu. Hili banda hujawahi kulisikia. Bonyeza hapo kwanza, kisha ufanye ulichokuja kufanya."

"Unanipotezea muda, Elisifa."

"Muda wa kubonyeza tu."

Akabonyeza kwa hasira, kama mtu anayeua mbu. Sauti ya Eliakim ikajaa bandani, ikaita. Kikaja kile kimya chenye maji. Kisha: "Mimi Tito nimesikia! Nyumba yangu yote imesikia, mpaka walio mbali!"

Gidioni hakuondoa kidole. Alikaa hivyo mpaka kibarua mmoja akauliza, "Bosi, tuanze?"

"Huyo ni baba," Gidioni alimwambia Elisifa.

"Ndiye."

"Alijua ni kazi ya hapa?"

"Aliitwa kwa kazi ya hapa hapa. Akaitikia nyumba yake yote."

Gidioni akageuka. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, na wengi walitoka bonde moja na baba yake, na wote walikuwa wamesikia. Mwishowe akainama, akaanza kukunja suruali.

"Kazi imebaki wapi?" aliuliza.

"Mfereji wa nyuma," Bernadetha akasema, akimpa jembe lake mwenyewe. "Umechelewa, ila matope yapo ya kutosha."

Alichimba kama mtu aliyesahau, mikono ikapata malengelenge mapema, na wale vibarua wakaweka nyundo chini wakamsaidia. Mfereji ulipofunguka na maji kuanza kutembea, alirudi kwa Elisifa akijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Na mtu wa huku akitaka kujibu?"

Elisifa akamwonyesha kitufe cha pili. Gidioni akasogea karibu na ukuta, akakohoa, akakohoa tena, mtu mzima yule.

"Baba, shikamoo," alisema. "Ni mimi, Gidioni. Nimefika kazini."