Ndizi na Maharage, Sufuria Moja

Nilivuka mpaka kutoka Uganda nikiwa na kibali changu, leseni yangu na kiburi changu chote, nikafungua hoteli ya chakula hapa Isingiro, Kyerwa, upande wa Tanzania. Mama yangu alilia. "Unaenda kuwauzia ndizi watu wa ndizi! Utarudi, na kijiji kizima kitakucheka." Nikamwambia mama, ndizi ni ndizi.

Loo! Kwetu ndizi zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinaivishwa kwa mvuke, zinapondwa laini, mchuzi unakaa pembeni. Ndivyo nilivyopika. Wabeba magunia ya kahawa wakachungulia sahani, wakanong'onezana kwa Kinyambo, lugha yao, wakaagiza chai. Chai tupu, wiki nzima! Jioni nakula ndizi zangu mwenyewe, nimenuna, nawaza aibu ya kurudi.

Mwenye nyumba wangu, mama wa Kinyambo mwenye maneno mengi, alikuja akala, akamaliza, ndipo akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, nani kakwambia hatuna meno?"

Nilichemka. "Haya mama, pika wewe!"

Akafunga kitenge kiunoni, akaingia jikoni. Maharage yakatangulia. Yalipokaribia kuiva akatumbukiza ndizi nzima nzima, kitunguu, chumvi, na samli aliyotoa kwake. Nikamwambia hicho ni chakula cha watu wenye haraka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akanicheka. "Leta kuni." Mchana ule sufuria ilikwanguliwa. Nampenda mama yule hata anaponikera, na hunikera kila siku.

Miezi ikapita, mama yangu akaja bila taarifa. Alinikuta napakua, wateja wamejaa hadi barazani. Nilipiga magoti kumsalimu, nikampa sahani. Akaigeuzageuza kwa kijiko.

"Nani kakufundisha kuchanganya hivi, kama chakula cha ng'ombe?"

"Mama, hapa kwetu tunapika hivi!"

Neno hilo lilinitoka kwa hasira, na likishatoka halirudi. Nikasubiri aniambie mkataa kwao mtumwa.

Badala yake alikula polepole mpaka mwisho, akimtazama mwenye nyumba wangu aliyekuwa anaosha vyombo bila kuombwa, huku ananigombeza kwa kuacha moto uzime.

"Nilikuja kukuchukua," mama akasema, akanirudishia sahani. "Basi niongezee kidogo. Kesho narudi peke yangu."