Wimbo wa Bega

Nilipokuwa mtoto kule Usoke tulilima kwa ngoma. Wanaume ishirini mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mbele yao manju, mwimbishaji, ambaye yeye hashiki jembe. Baba alinifundisha sheria moja: ngoma ikilia, manju lazima aupokee wimbo, hata akiwa na homa. Akinyamaza, majembe yanasimama na shamba la mwenyewe linabaki nusu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini sheria hiyo sikuisahau. Afadhali ningeisahau.

Mgongo wa baba bado nauona, jasho na vumbi. Lakini si hayo niliyokaa kuandika.

Tabora mjini nikawa mpiga tumba kwenye bendi. Mwimbaji wetu alikuwa rafiki yangu, tulipanga nyumba moja Ipuli. Angali kijana alitunga wimbo wa babu yake mpagazi, aliyebeba pembe kwa miguu mpaka pwani, bega limechubuka na kutua hatui. Watu wakauita Bega. Uliimbwa harusini, redioni, hata misibani. Bendi ikafa, wenzetu tukawazika, tukabaki wawili na vijana wa kukodi, na wimbo ule ule. Rafiki yangu akienda kununua sukari, mwenye duka anataka ubeti kwanza. Alipokuwa anamuuguza mkewe, watu wodini walimwomba Bega, naye akawaimbia. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Mkewe alipofariki akatunga wimbo mwingine, wa kumuaga. Alikuwa akiniimbia uani taratibu, sauti inakwaruza. Mwaka huu tukaalikwa harusi Igunga. Ndani ya basi akanishika mkono.

"Mzee mwenzangu, leo naimba wa mama watoto. Mara moja tu watu wausikie, basi. Usiniache."

Nikamwambia nitakuachaje na uzee huu.

Ubeti wa kwanza watu walinyamaza, nadhani kwa heshima. Wa pili, simu walizokuwa wanamrekodia zikashuka moja moja. Ndipo mjomba wa bwana harusi, soda mkononi, akasema:

"Mzee, tumekuja harusini, si matangani. Tupe Bega."

Wakacheka. Rafiki yangu akasahau neno, akalirudia la nyuma. Niliona anaaibika, na nasema kweli, nilitaka kumwokoa. Mikono yangu ikapiga mwanzo wa Bega.

Watu wote wakainuka.

Akanigeukia. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango na ndugu yake. Kisha akaupokea, maana ngoma ilikuwa imeshalia. Aliimba beti zote, hakuruka hata mmoja, na siku nyingi sikuwa nimemsikia akiimba vizuri namna ile. Mimi nikapiga mpaka mwisho, sikuwa na ujasiri wa kuacha.

Alipomaliza akaweka maiki juu ya kiti, akachukua koti lake, akapita katikati ya watu wanaompigia makofi. Nilidhani anakwenda kujisaidia. Nikatoka kumwangalia. Jua lilikuwa bado juu, malori yanapita kwenda Mwanza. Alisubiri moja lipite, akavuka barabara, akaenda zake kwa miguu. Nilimwita. Hakugeuka, na Ipuli hajarudi mpaka leo.